Bwana Tone na Maziwa ya Mama Mkwe

Watu wa Endarasha walimwita Gicheru Bwana Tone, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Ilikuwa ni kwa sababu ya kuwachelewesha. Kila asubuhi, baridi ya milimani ikiwa bado inauma masikio, wakulima arobaini hivi walipanga foleni mbele ya kibanda cha ushirika wa maziwa, kila mmoja na mkebe wake, na wote wakamngoja Gicheru aangalie tone likidondoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, galoni zikiondoka na lita zikiingia, na mashamba makubwa ya wazungu yakiwa yamekatwakatwa na kugawiwa watu. Kila aliyepata shamba alinunua ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, na kila mwenye ng'ombe wa gredi alijua ipo siku atagombana na Gicheru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maziwa yakikaa vibaya huanza kuchacha, na uchachu huo ni asidi ambayo jicho haliioni mpaka mambo yameharibika. Gicheru alichota maziwa kidogo kwa pipeti, akayatia katika kikombe cheupe, akaongeza matone mawili ya dawa isiyokuwa na rangi. Kisha akafungua bilula ya bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye alama ubavuni, na soda iliyokuwa ndani yake ikaanza kudondoka. Soda na asidi hazikai chungu kimoja. Zikikutana zinamalizana. Asidi ingaliko, maziwa yanabaki meupe. Asidi ikiisha, tone moja tu la ziada linatosha, ile dawa inageuka rangi ya waridi. Hapo Gicheru anafunga bilula na kusoma soda imeshuka alama ngapi. Maziwa mazuri yalikuwa kumi na sita. Ishirini kwenda juu, mkebe unarudi nyumbani, na sheria ya ushirika ilitaka nambari itangazwe kwa sauti, ili asiwepo wa kusema amependelewa au ameonewa.

Mtu mwingine angetosheka na waridi wowote. Gicheru alitaka waridi wa ukucha wa mtoto mchanga, tena usiopotea ukihesabu hadi thelathini. Rangi ikizidi kidogo tu alimwaga kikombe na kuanza upya, na foleni nzima ikashusha pumzi kama ng'ombe mmoja aliyechoka. Pale mahali ambapo asidi na soda zinalingana, wala hii haijashinda wala ile, alipaita mahali pa kutoshana. Alifundishwa jambo hilo katika kozi ya miezi mitatu: kwamba mahali hapo pako, kwamba panaweza hata kuhesabiwa kwa penseli kabla ya kufungua bilula, na kwamba hapajali wewe ni tajiri au maskini. Fundisho hilo lilimwingia kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia, na msifikiri hakuwa mtu wa kanisa.

Kwa wanawake alikuwa vilevile, wa kudondosha tone moja moja. Alifika miaka thelathini na sita bila mke, na mama yake alikwisha kuacha hata kuomba. Kisha akaja Wachuka, mwalimu wa darasa la nne, aliyekuwa akileta mkebe wa kwao asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Siku moja Wachuka alimwuliza, kwa nini asipige hesabu tu badala ya kudondosha. Gicheru alimjibu kwa robo saa nzima. Foleni ilipiga kelele, mbwa walibweka, na Wachuka akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali la pili. Siku hiyo Gicheru alijua kwamba asipomwoa huyu hataoa tena, na hilo si neno langu, alilisema mwenyewe kwa mjomba wake Mutahi, huku akilia kidogo.

Mjomba Mutahi akaongoza wazee kwenda kubisha hodi kwa kina Wachuka. Safari ya kwanza walipokewa vizuri. Safari ya pili, ambayo ndiyo ya kupewa jibu, ilipangwa kuwa Jumamosi fulani mwezi wa kumi na moja. Jibu lingetoka kwa nani, kila mtu alijua. Katika nyumba ile baba, mzee Kingori, alikuwa na kofia, lakini neno lilikuwa la mama, Wamucii.

Sasa, kwa watu wa huku, mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana mpaka inachosha. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Akikutana naye njiani anampisha, hata kama ni kuingia katika mtaro wenye maji. Hataji aibu yake mbele ya watu, wala hamwambii neno gumu. Mama mkwe naye hujifunika leso usoni na kupita kana kwamba amepita mti. Ndiyo maana wiki ile ya mwezi wa kumi na moja, Wachuka alipohamia nyumba za walimu kwa sababu ya mitihani, na Wamucii akaanza kuleta mkebe yeye mwenyewe, Gicheru alipata taabu ambayo haikuwemo katika kozi. Mkebe ulikuwa ukija umebebwa mgongoni na leso yenye maua mekundu, na Gicheru akaupokea huku akitazama bureti kwa bidii ya mtu anayesoma Biblia.

Jumanne maziwa ya Wamucii yaliendelea kuwa meupe baada ya alama ya kumi na sita. Yakapita ishirini. Jasho lilimtoka Gicheru katika ile baridi. Rangi ilikuja pale ilipotaka yenyewe.

"Ishirini na nne," akatangaza, sauti ikiwa nyembamba.

Wamucii alifunga kifuniko, akaubeba mkebe wake wa lita kumi, akarudi nao mlimani. Foleni ilimtazama Gicheru kwa heshima kidogo, maana kumkatalia mama mkwe maziwa siku nne kabla ya kupewa jibu si kazi ya mtu mwoga. Yeye mwenyewe alijisikia vibaya siku nzima, lakini usingizi alipata. Nambari ni nambari.

Jumatano Wamucii alikuja tena. Gicheru alichota, akatia kikombeni, akadondosha yale matone mawili ya dawa. Soda alikuwa hata hajaifungua. Maziwa yakageuka waridi papo hapo, tena si ule wa ukucha wa mtoto. Ulikuwa waridi wa gauni la Krismasi, na wa foleni ya nyuma kabisa waliuona.

Gicheru alielewa mara moja, na roho yake ikashuka. Maziwa hayawezi kuwa waridi kabla ya soda ila yametiwa kitu cha kumaliza asidi yote na kubaki. Na kitu hicho kiko katika kila jiko la huku kwetu Nyeri, kwenye kopo kando ya chumvi, cha kulainishia maharagwe. Magadi. Aliinamisha pua, akasikia harufu ya sabuni kwa mbali.

Sheria ya ushirika juu ya kuchezea maziwa ilikuwa fupi. Mpimaji atangaze, na jina la mwenye mkebe lisomwe mkutanoni. Desturi nayo ilikuwa fupi vilevile. Gicheru alisimama katikati ya hizo mbili, kikombe cha waridi mkononi, watu arobaini wakimngoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka tisa ya kazi hiyo.

"Dawa yangu imeharibika," akasema.

Ndungu, mzee mmoja mbishi aliyekuwa amerudishiwa mkebe nusu saa kabla, alikuwa bado amekaa juu ya ua wa mbao akinung'unika. Akashuka polepole.

"Bwana Tone," akasema, "maziwa yangu ulisema ni ishirini na tatu. Ulipima na dawa gani?"

Gicheru aliiangalia chupa ya dawa kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Nauliza tu," akasema Ndungu. "Ni hii imeharibika, ama uko na ingine?"

Wawili wengine waliokataliwa walikuwa hawajafika mbali. Walirudi mbio, mikebe ikigongana. Uongo ni mtu wa ukoo mkubwa, ukimkaribisha mmoja wanaingia wote. Kama dawa ilikuwa mbaya kwa Wamucii basi ilikuwa mbaya kwa Ndungu, na Gicheru hakuwa na mahali pa kusimama. Mikebe yote minne ikamwagwa ndani ya tangi pamoja na maziwa mazuri ya watu wengine, lori likaondoka, na Ndungu akaenda zake akimsifu Mungu.

Alhamisi adhuhuri dereva wa lori aliporudi kutoka mjini alileta habari. Tangi lote la Endarasha lilikataliwa kiwandani. Maziwa yalipopashwa moto yaliganda mabonge, na mtu wa maabara akasema yananuka sabuni ya kufulia. Ijumaa asubuhi angekuja mkaguzi, Bwana Njiru, na dawa yake mwenyewe katika sanduku lake mwenyewe. Ikionekana dawa ya Endarasha ni nzima, mpimaji atafute kazi nyingine.

Gicheru aliogopa kufukuzwa, nani haogopi. Lakini alipokaa peke yake kibandani alasiri ile aliona hofu iliyo kubwa zaidi. Njiru alikuwa mtu wa Embu, si mkwe wa mtu yeyote hapa. Wamucii akileta gauni la Krismasi mbele yake, Njiru atasema wazi wazi. Mama mkwe ataaibishwa mbele ya kijiji, siku moja kabla ya kutoa jibu, na aliyemkatalia maziwa Jumanne, akamwanzishia haya yote, ni nani?

Basi akachukua penseli. Naona haya kusimulia sehemu hii, maana mtu huyu namheshimu. Mkebe ni lita kumi. Kila alama moja iliyozidi kumi na sita, katika lita kumi, ni gramu moja ya asidi isiyotakiwa. Ishirini na nne toa kumi na sita ni nane. Gramu nane. Magadi ya kutoshana na gramu nane za asidi ni kiasi gani? Alikwenda dukani akanunua magadi, akayapima kwa mizani midogo ya muuza ugoro, akayayeyusha katika maji na kuyadondosha kwenye maziwa yaliyochacha kwa ile bureti yake, ambayo haikuwahi kufanya kazi ya wizi. Akapima, akazidisha, akagawanya. Jibu lilikuwa karibu gramu saba. Kijiko cha chai kimoja na robo. Si kijiko pungufu, maana uchachu utabaki, wala si kijiko zaidi, maana utasikika mdomoni. Kimoja na robo, na maziwa ya Wamucii yatasoma kumi na sita mbele ya mkaguzi yeyote wa dunia hii.

Kwa dakika moja hivi alifurahi, kwa sababu hesabu ilikuwa nzuri. Kisha akakumbuka ni hesabu ya nini. Hata hivyo aliiandika kwenye karatasi, akaenda nayo mpaka lango la shule. Mkwe hawezi kumpelekea mama mkwe maneno kama hayo kwa mdomo wake.

"Hii ni nini?" Wachuka akauliza.

"Ni hesabu."

"Hesabu naona. Ya nini?"

"Ya mkebe ya mama. Akiweka kijiko moja na robo ya magadi, itasoma kumi na sita. Njiru hataona kitu."

Wachuka aliipitia karatasi kama anavyopitia daftari la mtoto, midomo ikizidisha kimya kimya. "Hesabu ni sawa," akasema. "Wewe ndio sijui kama uko sawa."

Gicheru akatazama viatu vyake.

"Unajua mama anaweka hiyo maziwa wapi usiku?"

"Wapi?"

"Jikoni, kando ya moto. Na blanketi juu."

"Blanketi?"

"Ati isishikwe na baridi ya kifua. Mama amezeeka Mwea kwa mpunga, Gicheru. Kule hata usiku ni jasho. Kwake hii baridi ya Endarasha ni ugonjwa, na maziwa ni kama mtoto. Mimi nikiwa nyumbani naiweka nje, kwa mtaro. Nimetoka, ameifunika."

Gicheru alihisi kama amepigwa kofi. Maziwa yaliyofunikwa blanketi kando ya moto, bila shaka yangechacha. Yangechacha hata kama ng'ombe mwenyewe angekuwa ameokoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuuliza? Ulisema ishirini na nne, ukanyamaza." Wachuka akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Hakusema ataifanyia nini. Kengele ya shule ililia na akaenda zake.

Ijumaa Bwana Njiru alifika mapema, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha Gicheru. Alipima kila mkebe mara mbili, kwa dawa yake na kwa dawa ya Gicheru. Nambari zilikuwa ni zilezile. Ndungu alisoma kumi na saba kwa dawa zote mbili na akakosa la kulalamikia, jambo lililomuudhi sana.

Leso yenye maua mekundu ikafika mezani. Gicheru alikamata ukingo wa meza. Njiru akachota, akadondosha dawa, maziwa yakabaki meupe. Akafungua soda. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Waridi wa ukucha wa mtoto mchanga ukaja na kukaa.

"Kumi na sita," akasema Njiru.

Nambari hiyo Gicheru aliipenda kuliko jina lake. Alikuwa ameitangaza mara elfu nyingi, na kila mara ilikuwa kweli. Sasa aliisikia ikitoka mdomoni mwa mtu mwingine, akaona kwamba safari hii ni yeye aliyeitia ndani ya mkebe, kijiko kimoja na robo, na ikamuuma kuliko gauni la Krismasi.

"Dawa yako ni nzuri," Njiru akamwambia. "Yangu pia nzuri. Sasa niambie, Jumatano ilikuwa nini?"

Angeweza kusema kikombe kilikuwa kichafu. Njiru angeandika hivyo, na mambo yangekwisha. Gicheru alimtazama Ndungu, akawatazama wale waliomwaga maziwa yao mazuri katika tangi moja na yale mabaya wakapoteza yote, kisha akatazama chini.

"Dawa haikuharibika. Niliongopa."

Foleni ikasogea mbele hatua moja.

"Kwa hivyo mkebe moja ilikuwa imewekwa kitu," akasema Njiru.

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Hiyo sisemi."

"Unajua nitaandika nini?"

"Najua, Bwana Njiru."

Njiru alifungua kalamu yake. Alikuwa ameandika tarehe na jina la Gicheru, na herufi mbili za neno linalofuata, sauti ilipotoka nyuma ya leso ya maua mekundu.

"Andika mimi," akasema Wamucii. "Wamucii wa Kingori. Jumanne maziwa yangu ilikuwa na kiungulia. Jumatano ikaamka nayo tena, nikaipatia magadi. Mimi nikishikwa na kiungulia nalamba magadi, hata mama yangu alikuwa analamba. Sasa kosa ni gani?"

Njiru aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mzito, lakini shavu lake moja lilianza kumsaliti. "Mama, uliipatia ngapi?"

Wamucii akafungua kiganja chote, akakiinua juu ili hata wa nyuma waone. Hapo foleni ilishindwa. Watu walishikilia mikebe yao wasiimwage kwa kucheka, na Ndungu akarudi kukaa juu ya ua akifuta machozi.

"Na ya leo?" Njiru akauliza alipoweza.

"Ya leo haina kitu. Wachuka alikuja jana jioni akaniambia ni joto inaiharibu. Imelala nje kwa mtaro kama mbwa, maskini."

Njiru alionja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaandika alichoandika. Wamucii alipewa onyo la kutorudia. Gicheru alipewa barua ya onyo ambayo ingekaa katika faili lake mpaka astaafu, pamoja na agizo moja: akikataa mkebe wa mtu, asitaje nambari tu, aulize pia maziwa yalilala wapi. Wamucii alikwisha kubeba mkebe wake mtupu. Alimwonyesha Njiru kwa kidevu mahali Gicheru aliposimama, bila kumtazama.

"Huyo alijua, akanificha," akasema. "Kesho anakuja kwangu."

Usiulize Gicheru alilalaje. Jumamosi saa nne walipanda mlima, mjomba Mutahi mbele na fimbo yake, wazee wawili wa kanisa, na Gicheru nyuma ndani ya suti ya kuazima. Walipokewa vizuri, na hilo lilimtia hofu zaidi. Waliketi. Wakaomba. Kwa kuwa nyumba zote mbili zilikuwa za watu wa kanisa, pombe haikuwapo, na chai ndiyo iliyoshika nafasi yake. Ilitakiwa imiminwe, kisha binti aulizwe mbele ya wote kama chai hiyo inywewe. Akikataa, kila mtu anachukua kofia yake.

Birika lilikuja. Chai ilikuwa nyekundu kidogo kuliko chai za kila siku. Mzee Kingori alikohoa ili aanze, Wamucii akainua mkono.

"Kabla hajaulizwa msichana," akasema, "huyu aonje kwanza."

Mjomba Mutahi akaweka fimbo vizuri. "Mama Wachuka, kwetu mkwe hajibizani na mama yake."

"Hata kwetu. Lakini huyu alidanganya watu arobaini na lori moja kwa ajili yangu. Nimekaa nikijiuliza, mtu kama huyo, siku moja atanidanganya mimi kwa ajili ya nani?" Akamimina kikombe, akakisukuma mezani. "Aonje, aniambie iko namna gani."

Lilikuwa swali la haki. Wachuka alikuwa amesimama kando ya mlango. Hakumpa Gicheru ishara yoyote, hata ya jicho.

Gicheru alikunywa funda moja. Akanywa la pili. Alijua tangu la kwanza, lakini mazoea ni mazoea, kipimo kilitaka kurudiwa. Wazee wote walikuwa wakimngoja aseme ni tamu, mama, asante, na mjomba Mutahi alikuwa tayari ameanza kutabasamu kwa niaba yake. Chai ya mama mkwe haijawahi kuwa na kasoro tangu Mungu aumbe milima. Gicheru aliutazama mguu wa meza. Alifikiri juu ya Wachuka, na jinsi miaka iliyobaki itakavyokuwa mirefu bila yeye, akaogopa. Kisha akauambia mguu wa meza ukweli.

"Mama, magadi imezidi."

Mjomba Mutahi alifunga macho. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kutafuta kofia yake chini ya kiti.

"Imezidi?" akauliza Wamucii.

"Ndiyo, mama."

"Na ngapi?"

Gicheru alihesabu. Hakuna atiaye magadi katika maziwa ila yamechacha, na mkebe wa nyumba hii ulikuwa uleule wa lita kumi. Kijiko kimoja kingeacha uchachu, na uchachu haukuwepo. Robo ya kijiko hakuna mtu anayeipima jikoni, na vijiko vitatu vingenuka sabuni. "Robo tatu ya kijiko," akasema. "Umeweka mbili."

Wamucii alifungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza mbele ya wazee. Hesabu za Gicheru zilikuwa pale, safi, na jibu likiwa limepigiwa mstari.

"Hii alinitumia Alhamisi," akasema. "Nikamwambia Wachuka, maziwa ya watu mimi sitaiwekea hesabu ya wizi. Lakini jana usiku nimelaza mkebe moja kwa blanketi, makusudi. Karatasi inasema moja na robo. Nimeweka mbili, nione kama atasema." Akakaa chini. "Amesema. Mzee, uliza mtoto."

Mzee Kingori, ambaye hakuwa amesema neno tangu sala, alimgeukia binti yake. "Wachuka. Chai hii tuinywe?"

Wachuka alikuja mezani, akachukua kikombe kilekile cha Gicheru, akanywa chote bila kupumzika. Akakunja uso, akakirudisha.

"Ni mbaya," akasema. "Lakini muinywe."

Wakanywa. Mjomba Mutahi alikunywa vikombe viwili na kusema hajaona chai kama hiyo, na kwa hilo hakudanganya. Gicheru alimiminiwa kingine, akakinywa kwa pupa ya furaha hata chai ikamwagikia suti ya watu. Mara moja tu alijisahau akainua macho kumtazama mama mkwe. Wamucii alikwisha kujifunika leso usoni, kama inavyompasa, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.